Zamu ya Ziwa

Tulipomtoa shangazi matembezi Jumamosi
hakutaka Menengai. "Shimo nimeliona," alisema,
"na shimo halina jipya."
Hakutaka mbuga. "Nilipe kiingilio
nikatazame maji
yaliyoingia kwangu bila kulipa?"

Ndipo tukaja hapa, kilima cha pimbi,
kando tu ya barabara ya Nairobi:
Nyaguthii na viatu vyake vya kanisa,
na mkoba asiouacha hata akienda msalani.

Ndani ya mkoba mna hati ya shamba,
mikunjo minne, imefungwa kwa nailoni.
Mwariki, robo ekari.
Karani wa ardhi alimweleza kwa upole
kwamba ploti ipo, haijaenda popote,
ni vile tu iko chini.
Chini ya nini?
Chini ya ziwa, mama.
Perege sasa wanalala jikoni,
naye analala sebuleni kwetu
na kila alfajiri anakunja blanketi
kama mtu anayeondoka leo.

Rugut, kijana wa makumbusho,
shati limepigwa pasi hadi mikono ina makali,
alituonyesha mabonde madogo yaliyoota nyasi:
hapa zizi, hapa mlango,
hapa walitupa majivu na samadi.
Kisha vigae vya vyungu nyuma ya kioo.
Shangazi akauliza, "Na wenyewe walikwenda wapi?"
Rugut akakohoa.
"Wengine husema walihama.
Wengine husema ndio sisi."
"Wengine, wengine," akasema shangazi.
"Na habari zangu zitasimuliwa hivyo hivyo."

Halafu bao.
Si la mbao. Limechongwa kwenye mwamba,
safu mbili za vishimo, laini ndani kama viganja,
na hakuna ajuaye nani aliamka siku moja
akaanza kugonga jiwe kwa jiwe
ili apate mahali pa kushindwa na rafiki yake.

Kuna kibao: Usiguse.
Shangazi alikisoma kwa sauti, taratibu,
akavua viatu, akaketi.
Rugut akageuka kutazama ndege.

"Kwetu tuliita giuthi," akasema.
"Tulichimba mchangani tukichunga.
Mvua ikinyesha, mchezo umeisha.
Hawa walikuwa na akili, hawakuiamini mvua."
Akafungua karanga za shilingi ishirini,
akazigawa kishimo kwa kishimo,
nami nikacheza, nikafungwa vibaya.
Kila alichokula alikila kweli,
akatafuna, akapangusa chumvi kwenye leso,
akaniuliza kama nimesomea nini chuo kikuu.

Rugut sasa alikuwa amechuchumaa kando yetu.
Akanong'ona, kama anayesengenya jirani,
kwamba zamani, zamani sana, ziwa lilifika hapa.
Kilima hiki kilikuwa ncha ndani ya maji.
Waliokaa hapa walisikia mawimbi usiku.

Shangazi aliacha kutafuna.
Akasimama bila viatu, akatazama kusini
ambako maji yalilala meupe, mapana,
na mstari wa miti iliyokufa imesimama ndani yake
kama watu waliosahau walichofuata.
Akatafuta kwa kidole: paa la kanisa,
nguzo ya stima, mparachichi wake.
Hakuupata.

"Kwa hivyo lilikuwa limesafiri tu," akasema.
"Nikajenga sebuleni kwa mtu
aliyekuwa safarini."
Nilidhani atalia. Alicheka,
kicheko kifupi cha puani,
kisha akaukaza mkoba kwapani.
"Lakini mimi nina karatasi.
Lenyewe lina nini?"

Hatukumjibu. Pimbi mmoja alitoka kwenye ufa,
akatazama karanga, akatutazama,
akasubiri kwa adabu ya mwenye nyumba.
Shangazi alivaa kiatu kimoja,
akasita, akainama tena juu ya mwamba,
akaacha karanga moja kwenye kishimo cha mwisho,
upande unaoelekea ziwani.

"Ni zamu yake," akasema,
na akaniomba bega la kushukia.